Ukurasa wa Kumi na Tisa

Barua ya Aslak imefika kabla ya jua,
na jua la Oulu mwezi wa Desemba
huja saa nne na nusu asubuhi,
likachungulia, likaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ameandika kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniuma:
"Samahani. Pengine ni mimi nisiyeelewa.
Mwongozo unasema niandike *simama*, kisha namba ya mstari.
Nimeandika. Nimerudia kwa herufi kubwa.
Mashine inajibu: amri haijulikani.
Nimekesha hadi saa kumi."

Ana miaka kumi na saba, yuko Inari.
Programu yake inahesabu kulungu wa mjomba wake,
na kila ikihesabu, kulungu mmoja hupotea.

Mimi najua *simama* ilikokwenda.
Niliizika mwenyewe, toleo la nne,
Ijumaa moja ya Machi, miaka sita iliyopita.
Nikaipa jina jipya, *tua*, fupi, safi,
nikaiita mara tatu, ikaitika,
nikafunga kompyuta nikaenda zangu sauna.
Ufa niliuziba.
Sikumwambia mtu kwamba ukuta umehama.

Nafungua mwongozo.
Picha ya dirisha la kijivu ambalo halipo tena,
mshale mwekundu ukionyesha kitufe
tulichokiondoa kabla binti yangu hajaanza shule.
"Bonyeza hapa."
Hapa wapi?

Aliyeuandika ni Veijo Rautakoski,
mtu wa kuchapa kwa vidole viwili,
aliyelikataa neno "tu" katika kila sentensi:
"Usimwambie mtu *bonyeza tu*.
Anayesaka hitilafu usiku ameshaonewa vya kutosha."
Alistaafu, akahamia ziwani, na Mei iliyofuata tukamzika.
Nani angemrithi? Sote tulipenda kujenga vyumba;
kubadilisha vibao vya milangoni, kila mtu alikuwa na kikao.

Basi nakaa. Gari la kusukuma theluji linapita chini ya dirisha,
linarudi, linapita palepale.
Nafanya alichofanya Aslak:
nasoma mstari, nauamini, nauandika, nakataliwa.
Amri tisa kati ya thelathini na moja zimekufa.
Mbili zi hai, ila zinatenda kinyume cha zinavyoelezwa,
na hizo ndizo za kuogopwa.
Aliyekufa hakupotezi njia.

Saa tisa alasiri giza limesharejea.
Nafika chini ya ukurasa, kwa sentensi ya Veijo:
"Programu ikisimama ulipotaka, usiirukie.
Mimina kahawa kwanza. Kigeu hakitahama."
Naitia alama ya kufutwa. Mwongozo si mgahawa.
Kisha nakumbuka nimejiapia kujaribu kila kitu.

Naandika *tua*, mstari wa arobaini. Programu inasimama.
Namimina. Nakata kipande cha mkate wa iliki,
nakila nimesimama, nikitazama mto ulioganda
na mtu mmoja akikokota baiskeli juu yake.
Narudi. Kigeu kipo palepale,
kimeshika namba yake kama mtoto aliyeambiwa asiiangushe.

Katika ukurasa mzima
ni hilo pekee lililokuwa bado kweli.

Naliacha. Chini yake naandika tarehe ya leo,
toleo la saba, "imejaribiwa kwa mkono,"
na jina langu, Irmeli,
ili wa kulaumiwa apatikane upesi.

Jibu la Aslak linakuja usiku:
kulungu amepatikana. Hakuwa amepotea,
mzunguko ulikuwa ukifunga uzio hatua moja mapema
na yeye, wa mwisho, akibaki nje kwenye theluji
kila jioni, bila kosa lolote.

"Asante," ameandika.
"Ila ukurasa wa ishirini na tatu pia, nadhani.
Au ni mimi?"

Si wewe, mwanangu.
Naweka birika jikoni.